Grisi Aliyopewa Kaka

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye gereji ya kaka yangu hapa Morogoro mjini, nikamkuta binti yake wa miaka minane amechuchumaa mbele ya gurudumu la pikipiki, kidole kina grisi. Anapaka breki! Aliponiamkia niliitikia marahaba kwa shida. Mtu mzima mimi, rafiki yangu, nikamwonea wivu mtoto.

Gereji hiyo ilikuwa ya baba. Wateja wake walikuwa bodaboda wanaoshuka kutoka Kinole na mikungu ya ndizi na magunia ya pilipili manga, na mteremko ule unachemsha breki mpaka zinanuka. Kwa hiyo baba hakuamini maandishi ya kopo. Alichota grisi kidogo kwenye kijiko cha chai, akakiweka juu ya jiko la mkaa la mama. Ikiyeyuka na kutiririka, hiyo ni ya beringi. Ikitulia palepale, hiyo ndiyo ya breki. Mama aligomba kila mara, maana chai yetu ilinuka gereji.

Kupuliza moto ilikuwa kazi yangu. Kupiga msasa ngoma ya breki mimi, kuosha vyuma kwa petroli mimi, mpaka vidole vinawasha. Lakini mikono ya baba ilishaanza kutetemeka, na ikifika zamu ya kupaka aliuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Kaka anakuja akipiga mluzi, anapaka utando mwembamba kwenye pini inayotanua breki shuu, zile pedi zinazobana ngoma, basi, anasifiwa. "Grisi ikigusa breki shuu yenyewe, umeua mtu," baba alikuwa akisema, akimtazama yeye tu. Nilimwonea wivu hadi nikawa namwombea mafua.

Siku moja kaka alikwenda Kisaki kwa shangazi. Akaja bodaboda mmoja, breki zinalia, anataka kupanda Kinole kabla ya mvua. Nikafungua gurudumu, nikaosha, nikaipima grisi kwenye kijiko. Ikatulia.

"Baba, nipake?"

Baba akalichukua kopo mikononi mwangu, akalifunga. Akamwambia yule bodaboda, "Rudi kesho, kijana wangu atakuwepo." Yule mtu akanitazama mimi, akamtazama baba. Nikamrudishia gurudumu lake, akaanza kuisukuma pikipiki yake. Nilibaki nimesimama, mikono yote inanuka petroli.

Siku hizi mama anapikia gesi, na kaka ananunua grisi dukani bila kuijaribu kwa chochote. Hata wale wateja wa zamani wengi wameacha biashara ya ndizi. Jumamosi ile kaka aliona ninavyomkodolea macho mwanawe, akacheka, akanisogezea kopo. "Na wewe paka basi, dada."

Nikamwambia nina haraka, nikaondoka. Nilitaka kuambiwa hivyo na baba, naye tumeshamzika.