Sayari Tupu ya Bwiza

Nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa sinema. Mimi ni mpiga video wa arusi, mtaa mzima wa Bwiza unanijua hivyo. Kama filamu yetu ya sayari ilitoka vile ilivyotoka, lawama nazigawa: sehemu yangu naichukua, ya mtaa wetu naiachia mtaa, na inayobaki ni ya mwalimu aliyeniomba nizungushe kamera duara zima.

Miaka ile nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa sababu ya vita. Petroli ilikuwa ya kunusa tu, sukari ya kubembeleza, na arusi zilikuwa zimenyauka. Watu walifunga ndoa asubuhi, wageni kumi, chai na sambusa, kisha kila mtu mbio kwake kabla ya saa ya kutotembea. Nani ataita kamera ije kupiga sambusa? Kamera yangu ilikaa kabatini, na mke wangu kila alipofungua kabati kutafuta shuka aliitazama kama mgeni aliyekataa kuaga.

Alikuwa ameshapata mnunuzi, mtu mmoja wa mtaa wa Kibenga aliyetaka kupiga video za kwaya. Kwa kamera ile tungepata mashine ya kusaga mihogo. "Baba watoto," aliniambia, "watu wameacha kufanya arusi, lakini hawajaacha kula." Mimi nikishindwa hoja hukasirika, kwa hiyo nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu wa kamera. Bila hiyo sikujua hata ningekaa wapi kwenye arusi ya mtu.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa akifundisha fizikia katika lisee, yaani shule ya sekondari, nyumba yake ya zamani iliungua pamoja na mtaa wake, na sasa alipanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Mtu mpole, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa ameandika hadithi katika daftari la wanafunzi: wasafiri wawili wamechoka na dunia, wanapanda chombo, wanaruka mpaka kwenye sayari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga.

"Planeti iko vide," aliniambia. "Hakuna mutu hata moja. Hapo ndio mwisho wa film."

"Na watakula nini?"

"Hiyo nitaifikiria," akasema, akaiandika pembeni.

Nilimwelewa. Mtu aliyeyaona yale aliyoyaona yeye ana haki ya kutamani mahali pasipo na binadamu. Nikaenda kwa mke wangu, nikamwomba anipe filamu hii moja kabla ya kuuza. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua uso. "Film moja," akasema. "Ikiisha, kamera inaenda Kibenga." Nikaapa.

Kapteni wa chombo alikuwa fundi magari wa mtaa wa pili, kwa sababu alikuwa na sauti nene na gari bovu. Msaidizi wake alikuwa mama mmoja mshonaji, aliyeshona nguo za safari kutoka kwenye magunia ya maziwa ya unga, akiyageuza ili upande unaong'aa utoke nje. Alizishona vizuri kupita kiasi, akazibana kiunoni, mpaka mwalimu akauliza kwa aibu kama wasafiri wanakwenda angani au kwenye sherehe ya Idi. Kofia zilikuwa za pikipiki, zimepakwa rangi ya fedha. Ndani yake palikuwa na joto la tanuri. Kapteni akiivua, jasho lilimwagika mpaka kwenye kola.

Chombo chenyewe kilikuwa minibasi isiyo na injini iliyokuwa inalala gereji. Mwalimu alitaka usukani uondolewe, akieleza kwa utaratibu kwamba angani hakuna kona. Fundi akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Mwalimu, mi nikiwa kapiteni, bila volan natembeza na nini?"

Usukani ukabaki. Filamu nzima kapteni anaushika kwa mikono miwili, na kila wakipita karibu na nyota anapiga honi.

Sina budi kueleza jinsi ninavyofanya kazi, maana ndipo palipoharibikia. Sina mashine ya kukata na kuunga picha. Ninafungua, napiga, nafunga, kilichopigwa kimepigwa. Kurudisha mkanda nyuma kuangalia sikupenda, kwa sababu betri ilikuwa moja na umeme ulikuja ukitaka. Na katika arusi za kwetu kuna sheria isiyoandikwa: kila mgeni lazima aonekane. Si kupitiwa tu, aonekane. Unamfikia, unasimama, unahesabu moja, mbili, tatu, unaondoka. Kama anatafuna unamngoja ameze. Niliwahi kumruka shangazi mmoja wa bibi arusi, na mama yule alisusa kwenda kuona mtoto wa kwanza mpaka mtoto akaanza kutembea. Tangu siku hiyo mkono wangu ulishika adabu. Hauniulizi tena.

Sayari tuliipata Zone Industrielle, kwenye eneo la viwanda. Kwa kuwa bidhaa hazikuingia, maghala yalikuwa matupu, na moja lilikuwa na ua mpana uliofunikwa vumbi la saruji, kijivu mwanzo mpaka mwisho, hata jani moja hakuna. Mwalimu alipouona akasema, "Ni hapa." Mlinzi alitufungulia kwa sharti moja tu, kwamba naye aonekane. Nikamwambia tutaona.

Siku ya kupiga mwisho ilikuwa Jumapili. Fundi na vijana wake waliisukuma minibasi kutoka Bwiza, na njia nzima watu walituuliza kuna nini. Tungesema msiba wangetuombea na kurudi ndani. Tulisema kuna kamera. Tulipofika ghalani nyuma yetu kulikuwa na nusu ya mtaa, na wameshapita nyumbani kubadilisha nguo, kwa sababu Bwiza ukisikia kamera unavaa. Kanzu zilizopigwa pasi, vitenge vya sherehe, mzee mmoja na koti lake la arusi. Mwenye duka la kona alikuja na kreti ya soda. Nilifurahi kuwaona, nakiri. Tangu vita ianze sikuwa nimeona watu wamependeza hivyo mahali pamoja mchana kweupe.

Mwalimu akawapanga wote nyuma yangu. "Mukae nyuma ya kamera," akawasihi, "akizunguka, na nyinyi muzunguke." Wakasema ndiyo, ndiyo, Mwalimu. Yeye mwenyewe akaenda kujificha nyuma ya minibasi, akawasha majani mabichi, akaanza kupepea moshi kwa kipande cha bati.

Nikafungua kamera. Kapteni akatoka ndani ya moshi akikohoa, msaidizi nyuma yake, wakasimama kwenye vumbi lile. Wakati huohuo mlio mzito wa mzinga ukasikika kutoka upande wa milimani, kama tulivyozoea kuusikia siku nyingi. Kapteni hakushtuka. Akainua kidole. "Radi ya huku," akasema. Halafu akaweka mikono kiunoni akatoa maneno yake: "Huku hakuna mtu. Tumefika peke yetu."

Hapo ilikuwa zamu yangu, kuzunguka taratibu duara zima ili utupu wote uonekane. Nikazunguka. Ukuta mtupu, vumbi, ukuta mtupu. Sasa, watu walipaswa kuzunguka pamoja nami. Lakini mtu wa Bwiza akiona kamera inamjia hakimbii, angekimbiaje? Anasimama wima, anarekebisha kola, anainua chupa. Na mimi jicho liko kwenye kamera, moshi umenijaa kichwani, naona uso baada ya uso, na mkono ukafanya kazi yake. Moja, mbili, tatu. Mlinzi. Moja, mbili, tatu. Mzee wa koti. Mwenye duka alikuwa anatafuna, nikamngoja ameze.

Mwisho wa mstari alikuwa mke wangu. Alikuwa amefika muda huohuo kwa miguu, anahema, na kitenge cha jikoni chenye doa la mawese. Nilimwona. Nilichokuwa sijui ni kwamba kamera bado inakula mkanda. Naapa, nilidhani nimeshafunga.

"Mutu wa Kibenga iko nyumbani," akasema. "Anangojea kamera."

"Mwambie arudi Jumapili ijayo, tukishaonyesha," nikamjibu. Akageuka akaenda. Nikampiga kapteni mara ya mwisho, nikapiga ubao mwalimu alioandika neno Mwisho kwa chaki, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha ya kijinga, weusi kwa moshi.

Tulionyesha filamu katika ukumbi wa arusi, saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, televisheni moja juu ya meza mbili. Watu walikaa mpaka sakafuni. Mstari wa mbele kabisa alikaa yule mtu wa Kibenga, mkoba mtupu wa kubebea kamera juu ya mapaja yake. Sikuweza kuacha kuutazama ule mkoba. Mke wangu alikaa upande wa wanawake, mikono amefumbata.

Safari ilikwenda vizuri. Kila honi ilipigiwa makofi. Kisha ikafika sayari. Kapteni akasema huku hakuna mtu, tumefika peke yetu, na palepale akatokea mlinzi wa ghala akitabasamu meno yote. Baada yake mzee wa koti. Baada yake Bwiza nzima, mmoja mmoja, kwa adabu, wakiinua Fanta kuwakaribisha wasafiri.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, kabla wala baadaye. Watu walilala juu ya wenzao. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na mimi nikatamani ardhi inimeze, nikijua nimeharibu kitu pekee alichokuwa ameomba. Nikainama kumnong'oneza anisamehe. Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka, machozi yanatiririka, na sikuwa nimewahi kuyaona meno ya mwalimu tangu ahamie kwetu. "Waache," akasema. "Waache tu. Iko planeti nzuri."

Ndipo akatokea mke wangu. Alikuja mbio kwenye kioo, akafungua mdomo, halafu akaona kamera. Akafuta paji la uso kwa kiganja, akavuta kitenge ili doa lijifiche kwenye mkunjo, akasimama sawasawa kama wasimamavyo wenzake. Kisha akasema, ukumbi wote ukisikia, kwamba mutu wa Kibenga iko nyumbani, anangojea kamera.

Kicheko kikakatika. Vichwa vyote vikageukia mstari wa mbele. Mtu wa Kibenga akashusha mkoba polepole, akauweka chini ya kiti. Kwenye kioo mke wangu bado alikuwa amesimama, sauti yangu imeshamjibu, naye bado yumo. Mkono wangu haukuwa umemhesabia tatu. Ulikuwa umekaa naye mpaka alipogeuka kwenda.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele. Mimi nilibeba kamera, kwa sababu mnunuzi alisema atapita asubuhi, hakutaka kuichukua mbele ya macho yale yote. Nilijua nimeapa. Nilijiambia mihogo nayo ni kazi. Mlangoni mke wangu akageuka.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Watu wote wa Bwiza umewapiga. Mpaka mlinzi. Mi ulinipiga lini?"

Nilifikiri. Arusi yetu ilifanyika kabla sijapata kamera. Arusi za wengine yeye alikuwa jikoni, na mkono wangu ulizoea kuwatafuta wageni. Yeye hakuwa mgeni.

"Ile Jumapili," nikasema.

"Na kitenge ya jikoni." Akaingia ndani.

Asubuhi nilipoamka aliketi uani kwenye kiti, mgongo umenyooka. Alikuwa amevaa kitenge alichoolewa nacho, wanja machoni, hereni za mama yake. Nje mtu alikuwa anabisha hodi, na tulijua ni nani. Mke wangu hakugeuza kichwa.

"Mkanda imebakia?"

"Kidogo tu, baada ya ule ubao wa Mwisho."

"Basi mwambie huyo arudi kwao, mashine ya kusaga itangojea. Halafu uje unipige."

Nilimfikishia mtu wa Kibenga maneno hayo, nikarudi uani, nikafungua kamera. Nikahesabu moja, mbili, tatu, halafu nikaacha kuhesabu. Kaseti ile imezunguka nyumba nyingi tangu siku hiyo, na kila anayeiazima hurudi na swali lilelile: huyu mama aliyekaa kwenye kiti baada ya Mwisho, bila kusema neno, mpaka mkanda unakwisha, ni nani? Ninawajibu ni mke wangu.