Picha Zilizokosewa za Shangazi

Shangazi yangu ni mpiga picha, na simaanishi wa kubonyeza simu kama mimi. Yeye ana studio. Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la misumari: pazia la buluu, kigoda kinacholalamika ukikikalia, na kioo cha wateja kuchania nywele. Nje kuna kibao alichokiandika mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mbili: PICHA YA MAISHA.

Hicho kibao ndicho kilichomponza.

Jumamosi moja alikuja fundi seremala na mkewe, wamebeba fremu wameifunga kwenye shuka kama wanapeleka mgonjwa. Fundi akaifungua, akailaza mezani, kisha akanyoosha kidole kuelekea kibao.

"Dada, maisha yenyewe ndiyo haya?"

Nikachungulia. Jamani! Ilikuwa picha yao ya harusi, kazi ya Shangazi mwenyewe. Yaani zamani ilikuwa. Bibi harusi amebaki gauni, bwana harusi amebaki tai na masikio. Nyuma yao kuna kitu kama moshi.

"Huo moshi ni baba yangu," mke akasema.

Nikageuza kicheko kuwa kikohozi, maana mama wa watu hakuwa anatania. Baba yake alifariki mwaka mmoja tu baada ya harusi, na maishani alipigwa picha siku hiyo moja tu. Wajukuu walikuwa wanakuja mwezi ujao, na yeye, bibi yao, alishawaahidi watamwona huyo mzee.

"Mliitundika wapi?" Shangazi akauliza.

"Sebuleni, mbele ya dirisha, pale penye mwanga mzuri," fundi akajibu kwa majivuno. "Si tuliipenda!"

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Kaka! Umemwanika baba mkwe juani miaka thelathini na moja? Hata shati lingepauka!"

Fundi akaona aibu, akaanza kuchokonoa picha kwa kucha aitoe kwenye kioo cha fremu. Shangazi akaruka. "Acha! Imeshagandana na kioo. Ukibandua unabandua na uso uliobaki!"

"Basi tupe nyingine. Si una filamu yake?"

Hapo Shangazi akapata kazi ya ghafla ya kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Ikabidi akiri. Filamu zake zote nzuri alizifunga kwenye mifuko ya nailoni, fundo juu ya fundo, akazipandisha darini zisiguswe na panya wala mvua. Sasa juu pale bati linachemka mchana kutwa, na ndani ya nailoni unyevu hauna pa kutokea. Siku alipozishusha, zilikuwa zimeota ukungu na kushikana kama kurasa za daftari lililoanguka kwenye uji.

Nikajisemea nyani haoni kundule. Nilijisemea kimoyomoyo lakini, bado naupenda uhai wangu.

Mke wa fundi hakugomba. Alianza tu kuikunja ile shuka, taratibu, kona kwa kona. Kwa kweli ni afadhali angegomba.

"Ngoja kwanza," Shangazi akasema. "Nyie siku ile mlikosea nini?"

Inabidi nieleze. Shangazi ana mwiko wake: uso wa mtu hautupwi jalalani. Kila picha ambayo mteja aliikataa, sijui kafumba macho, sijui katikisika, aliitia kwenye bahasha ya karatasi na kuisukumia kwenye maboksi ya viatu chini ya kitanda chake. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali, chumba hakipigwi na jua, sakafu kavu, baridi ya kiasi. Wala hakuwa amepanga kuzitunza, alikosa tu pengine pa kuziweka. Na maboksi hayakuandikwa majina wala miaka. Yameandikwa makosa! WALIOFUMBA MACHO. WALIOTIKISIKA. CHAFYA. MTOTO KAKIMBIA.

"Mimi sikukosea chochote," fundi akasema. "Nilisimama kama nguzo."

"Nguzo gani?" mkewe akamrukia. "Si ulipiga chafya! Ulimtemea mate mpambe!"

"Yale yalikuwa manukato yake bwana, yaliniingia puani."

Tukaenda wote chumbani kwake, mlango wa pili kutoka studio, tukavuta boksi la CHAFYA. Hee, kumbe watu wanapiga chafya hivi! Tulipekua mpaka bahasha ya mwisho. Patupu. Tukaenda kwa waliofumba macho, patupu. Fundi akakaa kitandani akishika kofia yake.

"Chafya ilipotoka," Shangazi akamuuliza mama taratibu, "wengine mlifanya nini?"

Mama akafikiri. "Mimi nilikasirika. Mpambe akapiga kelele. Baba... sikumwona. Alikuwa nyuma yangu."

Shangazi akalala kifudifudi sakafuni, akavuta boksi la mwisho kabisa ukutani: WALIOCHEKA. Enzi hizo kucheka kwenye picha ya harusi lilikuwa kosa, watu walitaka kuonekana wazito.

Bahasha ya tisa.

Nyekundu bado nyekundu, weupe bado weupe, utadhani imetoka kusafishwa jana. Fundi uso umekunjamana kama kitambaa cha mezani, bibi harusi kamkodolea macho. Na nyuma yao mzee mrefu, kichwa amekirusha nyuma, meno yote nje, anacheka mpaka koti limempanda mabegani.

"Ile ya ukutani alikuwa kanuna," mama akasema. Akaishika kwa pembeni, vidole viwili tu, bila hata kuambiwa. "Nilishasahau kama ana mwanya."

"Na mimi je?" fundi akauliza. "Wajukuu watanionaje hivi?"

"Watakuona unapiga chafya," mkewe akamjibu. "Ndivyo ulivyo."

Shangazi akawatengenezea nakala ya kutundika, mbali na dirisha, ya asili ikarudi kwenye bahasha waende nayo kabatini. Walipoondoka alichukua kopo la rangi, akapanda kigoda chake kinacholalamika, akaongeza mstari chini ya kibao. Sasa kinasomeka hivi: PICHA YA MAISHA. USIIANIKE.

Halafu akaja kunipokonya simu nilipomwambia picha zangu zote ziko humo, hata moja haiko kwenye karatasi.