Mdudu wa Kufungua Ulimi

Nilipokuwa mtoto pale Kaloleni, miaka ya sabini, mdogo wangu Wafula alitimiza miaka minne bila kusema neno. Baba, aliyefanya kazi ya reli, alisema watoto wengine huchelewa tu. Mama alisema ni kichwa kigumu, kwa sababu hata ukimwita haji, na mara nyingi alimchapa kwa hilo.

Basi nyanya yetu, mama yake baba, tuliyemwita Kukhu, akaja kutoka Bungoma na wazo lake la dawa. Alitaka wale wadudu wa mashimo, wanaokaa kwenye vumbi kavu chini ya upenu. Mtoto asiyesema, alieleza, huwekewa mmoja juu ya ulimi; mdudu akiuma, ulimi unafunguka. Kwao hakuna aliyebishia jambo hilo.

"Mama, sisi tumeokoka," mama akamwambia kwa adabu. "Hayo tuliyaacha."

"Hata mimi nasali," Kukhu akajibu. "Na mdudu ni wa Mungu huyohuyo."

Walivutana hivyo wiki nzima, huku wakipikiana chai vizuri sana. Mwishowe mama akanyamaza, nasi tukachukulia kwamba amekubali.

Jumamosi asubuhi mimi, Wafula na Kukhu tukaenda nyuma ya nyumba. Kama hujawahi kumtazama mdudu huyu akiwinda, umekosa mengi. Anachimba shimo mfano wa faneli, anajizika chini kabisa akiacha taya tu nje, kisha anangoja. Sisimizi akikanyaga ukingo, mchanga unaporomoka naye. Akijaribu kupanda, anarushiwa mchanga kutoka chini mpaka ateleze, na hapo taya zinamdaka. Wafula aliupenda mchezo huo kuliko chakula. Alilala kifudifudi, shavu limekaribia kugusa vumbi.

Sisi watoto tuliamini mdudu hutoka akiimbiwa, kwa hiyo nikaimba. Wafula hakuinua kichwa. Nikapaza sauti karibu kabisa na kisogo chake, mpaka jirani akaniambia ninyamaze. Hakugeuka.

Mama alikuwa anaosha vyombo bombani, hatua chache nyuma yetu. Akaacha kuosha.

"Wafula," akaita.

Akaja na sufuria na kifuniko chake, akavigonganisha nyuma ya masikio ya mtoto. Mimi niliruka. Wafula aliendelea kumtazama sisimizi. Kisha mama akakanyaga ardhi kwa nguvu. Mchanga ukamwagika mashimoni, na hapo ndipo Wafula akageuka, akatutazama, akacheka.

"Hasikii," mama akasema. "Huyu mtoto hasikii."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mikono imelowa. Nadhani alikuwa anakumbuka vile vibao, kimoja kimoja. Nilimwonea huruma mpaka nikaanza kulia.

Kukhu alikuwa ameshampata mdudu, yuko kiganjani. Akafunga kiganja.

"Mwekee," mama akamwambia.

"Mama Nekesa," Kukhu akamwita kwa jina langu, "hii ni dawa ya ulimi. Ulimi wa mtoto hauna shida."

"Mwekee tu, Mama. Nakuomba."

Mama mwenyewe akamshika Wafula kidevu na kumfungua mdomo. Kukhu aliitoa mikono ya mama polepole, akamrudisha mdudu kwenye vumbi, kisha akaketi karibu na mkaza mwanawe, wakakaa hivyo mpaka jua likawa kali.

Wafula alipata shule ya viziwi. Leo anashona viatu soko la Kariokor, na tukibishana kwa lugha ya mikono hunishinda kila mara.

Nasikia watu wakisema mambo kama yale huaminiwa na wasiojua. Lakini mama hakumwamini yule mdudu hata siku moja, mpaka dakika ile alipojua kwa hakika kwamba hatasaidia. Sasa nina watoto wangu, na najua kwamba hata mimi ningeomba mwanangu awekewe.