Sindano Niliyoisingizia

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja nilisema uongo wa kutumwa, kisha nikasema mwingine wa hiari yangu. Ule wa kutumwa naamini Mwenyezi Mungu ataupima kwa rehema zake. Ule wa hiari niliusema mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na kuna mtu anaubeba hadi leo. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa. Nikijitetea mahali, msomaji usinifuate.

Tulikaa nje ya mji wa Tanga, ukishaipita Pongwe kuelekea bara, mimi na Bibi na mdogo wangu Athumani, wa miaka miwili na ushei. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa Muheza msimu ule, kwenye machungwa, akija nyumbani wiki kwa wiki. Bibi alikuwa Mbondei, mtu wa ibada, hakosi swala, na mdomo wake haukukosa utani. Athumani yeye alimwita "mume wangu", na mimi nikawa mke mwenzake. "Mke mwenzangu, mume keshakula?" "Mke mwenzangu, leo zamu yako kumwogesha, mie mgongo waniuma." Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu, na mimi nilijiona mkubwa kwa kuitwa hivyo.

Masharti yake juu ya watoto wadogo yalikuwa mengi, lakini lililowekewa mkazo lilikuwa la nguo. Nguo ya mtoto ikianikwa, ianuliwe kabla ya magharibi. Kuna dege, alisema, wala si la nyama na manyoya, hupita juu ya mapaa jua likitua. Likiikuta nguo ya mtoto kwenye kamba huishika harufu, na mwenye nguo litamfuata tu. Akishapatikana hukakamaa, macho yakageuka juu, povu likamtoka. Hiyo ndiyo degedege. Na mwenye degedege hachomwi sindano. "Sindano yatoboa," alisema Bibi. "Dege limeshaikamata roho, langoja mlango tu. Sasa wewe wamfungulia."

Jumatatu moja nilikwenda kucheza mpira wa rede na wenzangu, nikasahau kuanua. Adhana ya magharibi ikanikuta uwanjani. Niliporudi Bibi alikuwa ametoka kutawadha, yuko uani anaziangalia fulana mbili za Athumani kwenye kamba. Hakunipiga. Alizitoa mwenyewe, akazikunja, akaniambia kwa maneno yake yale yale ya utani, ila safari hii hakucheka: "Mke mwenzangu, wataka kuniulia mume?"

Jumanne Athumani akaamka na homa.

Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Dege lilipita, fulana zilikuwa nje, na aliyeziacha ni mimi. Sikumwambia mtu. Nilimbeba siku nzima bila kuambiwa, hata Bibi akashangaa.

Jumatano mchana akakakamaa mara ya kwanza. Bibi alimfunika shuka nyeusi ya kaniki ili dege lisimwone, akampaka majani ya kivumbasi utosini, akatoa kwenye kopo kinyesi cha tembo kilichokauka, akakichoma chini ya kitanda cha kamba. Chumba kikajaa moshi. Mtoto alikohoa, akalegea, akalala. Bibi akasema limeachia. Watu wakisikia habari hizi siku hizi hucheka, na mimi naomba wasimcheke mbele yangu. Alifanya kila alichofundishwa, na kingine hakufundishwa, kwa sababu katika umri wake wote hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kukaa naye kitako akamweleza kitu.

Alhamisi asubuhi akaja jirani yetu, Mama Saumu, kuazima mchi. Alikuwa mwanamke kijana, Saumu wake alikuwa na miaka mitatu, kamning'iniza kiunoni.

"Shikamoo, Bibi. Huyu mtoto mbona hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ana dege. Lakini laachia."

"Haliachii hilo, Bibi. Mtazame macho. Mpelekeni zahanati, hata mimi nitambeba."

Walivutana. Bibi alikuja kukubali kwa sababu Athumani alikakamaa tena mbele yetu wote watatu. Mama Saumu alimwacha mwanawe kwa jirani mwingine, akambeba wa kwetu hadi karibu na zahanati, akatukabidhi, akarudi. Hapo Bibi akanishika mkono.

"Wewe ndiye uliyesoma, wewe ndiye utakayesema. Sema homa imeanza leo asubuhi. Dege usilitaje. Ukilitaja tu, watakimbilia sindano."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Na moyoni nilifurahi, kwa sababu homa iliyoanza Alhamisi haina habari na fulana za Jumatatu.

Nesi alikuwa mezani anaandika. Alisema aingie mmoja tu na mtoto. Bibi alikaa kwenye benchi nje ya mlango, nikaingia mimi.

"Mama yake yuko wapi?"

"Muheza."

"Ndiyo kawaida yenu. Kaanza lini, kashtuka, mmempa nini?"

Maswali matatu kwa pumzi moja, na uso hakuuinua.

"Ameanza leo asubuhi."

"Nimekuuliza, kashtuka, kakakamaa?"

"Hapana."

Akanusa. Hapo ndipo aliponitazama. "Mbona ananuka moshi? Mmeshamfukiza, eh? Nyie watu mnawabanika watoto kama samaki, mkishindwa ndio mnaniletea mie. Siku atakapofia hapa mtasema nesi kamuua."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka.

Mungu anajua nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lau angeniuliza taratibu mara moja tu, ningemwambia yote, tangu rede na fulana hadi kinyesi cha tembo. Lakini nilimwangalia yeye, nikamwangalia yule aliyecheka, nikasema, "Ni moshi wa jikoni, dada." Akaandika. Akasema tukakae tungoje kipimo.

Mtoto aliyeanza homa asubuhi na hajashtuka huwekwa pamoja na wenzake walioanza homa asubuhi. Ndiyo haki yake. Mimi na mtoto tulikaa humo ndani hadi jua likawa la utosi. Athumani alikuwa mapajani kwangu, hanywi, halii, na mimi nilikuwa naomba kipimo kichelewe ili sindano ichelewe. Kisha akakakamaa, na safari hii hakuachia.

Ndipo wakakimbia. Walimnyakua, wakamlaza, daktari akaja. Bibi alisimama mlangoni akisema, "Msimchome. Wanangu, msimchome." Hakupaza sauti. Mmoja alimsogeza kwa kiwiko ili apite na trei. Wakamchoma. Haukupita muda mrefu akajinyoosha, akatulia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Daktari akavua glavu. "Mmechelewa kumleta," akasema. "Poleni." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hilo neno "mmechelewa" ndilo somo lote tulilopewa siku ile. Nani kachelewa, kwa siku ngapi, na ile dawa ndani ya bomba ilikuwa ya kufanya nini, hakuna aliyesema. Bibi alikuwa na macho yake: mtoto alikuwa hai, akachomwa, akafa. Alilisema tangu zamani, na likawa kama alivyolisema. Ungempa sababu gani asiamini? Nimezoea kuwaambia watu kwamba wale wa zahanati siwalaumu. Si kweli, nawalaumu. Lakini wao lao ni dogo mbele ya langu.

Mama alikuja, tukazika. Siku ya tatu ya matanga wanawake walikuwa ukumbini kwenye mikeka, wanachambua mchele, na mama mmoja mtu mzima akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hebu tueleze, mjukuu wangu. Ilikuwaje huko ndani?"

Ndani nilikuwa mimi peke yangu. Bibi aliona mwisho tu. Kama ningesema Athumani aliumwa siku tatu tukaficha, mtu angeuliza alianza lini, na alianzaje, na mwisho wake ni kambani. Na Bibi alikuwa pale ukutani, hajaniita mke mwenzangu tangu Alhamisi. Nilidhani najua kwa nini.

"Tulipofika homa ilishuka, akawa hajambo," nikasema. "Alikaa mapajani kwangu, akaniomba maji. Walipomchoma tu, akafa."

Maji hakuomba. Hayo niliyatia mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyowaliza.

Mama Saumu alikuwa kati yao. Aliweka ungo chini, akajikokota kwa magoti hadi kwa Bibi, akamshika miguu. "Mie ndiye niliyewapeleka. Nimekuulia mjukuu, Bibi, nisamehe."

"Si wewe, mwanangu," Bibi akamwambia. "Ni kudura."

Na mimi nilikuwa naangalia mchele. Nilisikia nafuu. Kati ya yote ninayokiri hapa, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi: mwanamke aliyejaribu kutusaidia alikuwa analia sakafuni, na mimi nilisikia nafuu.

Masika yalipoingia, Saumu akapata homa. Siku ya pili akakakamaa. Mama Saumu hakumpeleka popote. Alimwita Bibi, na Bibi akaenda na kaniki na kopo lake. Mimi nilitumwa kupeleka maji ya moto. Mama Saumu akanivuta pembeni, macho mekundu, sauti ya chini.

"Mwanangu, nambie tena. Athumani kweli alikuwa hajambo kabla hawajamchoma?"

Watu huniambia ulikuwa mtoto, hukujua. Ni kweli sikujua malaria ni nini wala inafanya nini kichwani kwa mtoto. Nililolijua ni moja tu, kwamba Athumani hakuwa hajambo. Hilo moja lingetosha.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa hajambo."

Saumu alikaa ndani siku tano. Hakufa. Homa ilimtoka, na maneno yakaondoka nayo, hata yale machache aliyokuwa nayo. Mkono wa kulia umejikunja hadi leo. Ni mwanamke mzima sasa, na mama yake humlisha kwa kijiko, humwogesha, humbadilisha nguo.

Bibi alikufa miaka mingi baadaye akiamini alichokiamini. Mimi niliolewa mtaa wa Mabawa, mjini, nikapata mtoto, na ni huko kliniki nilipoelezwa kwa mara ya kwanza. Nesi mmoja mtu mzima alivuta kiti akakaa karibu yangu. Alisema degedege si dege. Ni homa kali, na mara nyingi huku kwetu ni malaria iliyoachwa hadi ikapanda kichwani. Sindano haimuui mtoto, ila mara nyingi humkuta ameshafika ukingoni, ndipo ikabebeshwa lawama. Kisha akaniambia, "Haya, mwanangu, nieleze wewe sasa kwa maneno yako. Mtoto akishtuka nyumbani, utafanya nini?" Nikaeleza, nikakosea mahali, akanirekebisha bila kunigombeza, nikaeleza tena. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nilitoka pale nikaenda kukaa nyuma ya jengo, nikalia hadi mtoto naye akaanza kulia.

Tumefundishwa kwamba haki ya Mungu, Mungu mwenyewe husamehe akitaka, lakini haki ya mja hadi mja asamehe. Nililijua hilo, na bado nilikaa miaka. Mwaka huu ndipo nilipokwenda. Nilimkuta Mama Saumu barazani anamlisha mwanawe uji. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote, pamoja na yale maji ya kuombwa.

Hakuacha kulisha. Alimfuta Saumu kidevu, akachota tena.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Siku ile nilikuwa mtoto, mama. Miaka yote hii sikuwa mtoto."

"Unajua siku ile nilikuwa nimeshamvisha Saumu? Mbeleko iko tayari, Bibi akimaliza tu nakwenda naye zahanati. Nikasema ngoja nimuulize kwanza huyu mtoto, yeye alikuwepo."

Akakwangua uji pembeni mwa bakuli.

"Nikikusamehe, Saumu ataongea?"

"Hapana, mama."

"Basi niache kwanza," akasema. "Sijakulaani. Lakini niache kwanza."

Nimemwacha. Namwomba Mungu ampe yeye umri na mimi umri, na bakuli la uji lisikauke nyumbani kwake. Sijui kama nitasamehewa, na sina haki ya kumharakisha.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, nina ombi moja. Ukimpeleka mtoto hospitali, sema siku ugonjwa ulipoanza, na useme kila ulichompa na kila ulichomfanyia nyumbani. Wakikugombeza, vumilia, useme hivyo hivyo.