Sauti ya Kompyuta na Mvua ya Isangi

Nimewahi kuchoka kwa namna nyingi, lakini uchovu wa mwaka ule ulikuwa wa peke yake. Asubuhi nilikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Kisangani, nikipiga barua ambazo hazijibiwi na mtu. Jioni nilikuwa mpishi wa papa, baba yangu. Na kila umeme ulipokuwa upande wetu wa mji, nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta mwenye miaka hamsini na miwili, bila mwalimu wa kudumu na bila hamu yoyote.

Papa alikuwa mpima mvua. Alifanya kazi hiyo Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mpaka alipostaafu. Kila asubuhi alikwenda kwenye kipimo, akasoma maji yaliyoingia, akaandika. Alipohamia kwangu alikuja na kipimo chake mwenyewe, akakisimamisha uani karibu na kamba ya nguo, na ole wake mtu atakayeanika shuka juu yake. Kipimo kingine alimpa mdogo wake aliyebaki Isangi, tonton wetu. Kila mwisho wa mwezi tonton alituma barua kupitia watu wa boti: karatasi ya daftari, salamu mistari miwili, halafu mvua ya Isangi siku kwa siku. Papa aliilinganisha na ya kwetu na kucheka peke yake. Kule imenyesha, hapa jua kali. Hapa mafuriko, kule hata tone. Sikuwahi kuelewa kilichokuwa kinachekesha, ila niliipenda ile siku ya barua kwa sababu papa alikula vizuri.

Kisha macho yake yakafa, jicho moja kwanza, la pili baada ya mwaka. Nikawa namsomea mimi. Barua za tonton nikazipiga pia kwenye kompyuta kuukuu niliyoinunua kwa mtu, kwa sababu nyumba yetu ina unyevu na karatasi zilikuwa zinaoza.

Halafu papa akaanguka kwa sababu ya tension, presha ya damu. Alitoka hospitali akiwa mwepesi kama mtoto, na daktari alituonya kwamba asipate mshtuko. Wiki mbili baadaye tonton akafa Isangi, ghafla, wakati anatengeneza paa lake.

Kwetu habari ya kifo haitupwi kwa mtu. Anakalishwa, anapewa chakula kwanza, ndugu wanamzunguka, na mkubwa mmoja anaisema polepole. Familia ilikaa bila papa. Kaka yangu mkubwa akasema tungoje apate nguvu kwanza. Wote tukakubali, na mimi nikakubali wa kwanza. Mchana ule nilipiga tangazo la kifo kwenye kompyuta ili lisomwe redioni, nikatoa betri kwenye redio ya papa, nikamwambia zimeisha. Kisha nikamwambia ofisi imenituma misheni, safari ya kazi, nikapanda boti kwenda kumzika mdogo wake.

Niliporudi ilikuwa mwisho wa mwezi. Papa akauliza, “Barua ya mudogo wangu haiyafika?”

Nilichukua karatasi tupu. Nilikaa mbele yake nikasoma salamu mistari miwili, halafu nikaanza kubuni mvua, nikifuata ile ya uani kwetu.

Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Kila mara nilimuuliza kaka lini tutasema, na kila mara alijibu kwamba presha bado iko juu. Presha ya mzee wa miaka themanini na moja haishuki ikakaa. Nilijua, naye alijua.

Siku moja papa akanishika mkono wakati namsomea. “Mama,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, “miye nataka kusoma mwenyewe. Nyinyi munasoma haraka, munaruka. Nasikia kuko kompyuta inasemaka na bipofu.”

Alikuwa amesikia kanisani. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa kompyuta, mteja wa ofisi yetu, naye akaniambia ni kweli, na kwamba sihitaji kununua chochote. Upo mfumo wa bure, Linux, wazi kwa kila mtu kuutengeneza anavyotaka, na ndani yake mna programu ya kusoma skrini kwa sauti. “Utajifunza, mama, iko mwepesi,” akasema, akanipa flash yenye mfumo wenyewe, akaenda zake. Watu wanaosema kitu ni chepesi ni wale waliokwisha kukimaliza.

Kuuweka ule mfumo kunafuta kila kitu kilichomo. Kwa hiyo kwanza nilinakili folda ya barua za Isangi kwenye flash ya pili. Sikuifungua kukagua kilichomo. Betri ya ile kompyuta ilikufa zamani, umeme ulikuwa unapepesa, na mimi nilikuwa na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, motoni.

Mara ya kwanza umeme ulikatika kazi ikiwa nusu. Kompyuta haikuwa tena na mfumo wa zamani wala haikuwa na mpya, ilikuwa sanduku tu. Nililia kidogo, nasema ukweli. Mara ya pili ilikwenda mpaka mwisho, lakini haikuona intaneti, na ili iione ilihitaji kitu kilichopo kwenye intaneti. Nilikwenda kwa yule mwalimu kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli, kompyuta mapajani, nikitukana barabara na mwenye baiskeli pamoja. Mara ya tatu ilikubali kila kitu, ila ilikuwa nzito kiasi kwamba ukibonyeza herufi unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndipo itokee.

Hapo ndipo nilipojifunza kweli. Niliondoa mapambo yote, nikaweka sura nyepesi ya skrini. Nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo mwanzoni niliogopa hata kuligusa, nikazima kimoja kimoja vile vinavyojiwasha vyenyewe bila kuitwa: cha kutafuta printa, cha kutafuta simu, cha kutafuta habari mpya. Kila nilichozima nilikiandika kwenye daftari, ili nikikosea nijue pa kurudi. Jumamosi tano zilikwenda hivyo. Ofisini nilisinzia juu ya barua za watu. Kaka alipouliza kwa nini nimekonda, nilimwambia aje yeye abuni mvua na kutengeneza kompyuta, tuone kama atanenepa. Akakata simu.

Sauti ya Kifaransa ilisoma Kiswahili kama padri mgeni katika wiki yake ya kwanza. Papa alicheka mpaka nikaogopa presha yake. Niliitafuta sauti ya Kiswahili, nikaipata. Ilikuwa kavu, ya bati, lakini ilieleweka. Mwanzoni papa alilalamika. “Iko natembea sana pole,” alisema. “Kama mutu alibeba gunia ya makala. Ongeza.” Nikaongeza. “Ongeza tena.” Nikaongeza mpaka mimi mwenyewe sikuifuata vizuri, yeye akatikisa kichwa kwa raha. Nilibandika vipande vya plasta juu ya vitufe anavyohitaji, na baada ya siku chache vidole vyake vilivijua.

Kisha akataka barua zote za mdogo wake ziwemo humo, na za karibuni pia. Basi nilikaa nikapiga barua zangu za uongo, nane, mwezi baada ya mwezi. Nilitazama daftari la mvua ya uani kwetu, ambalo siku hizi nalijaza mimi, nikabadilisha kidogo hapa na pale. Sikuwa na akili ya kubuni zaidi. Nilipoirudisha ile folda kutoka kwenye flash, papa akasema anataka barua zifuatane kama siku zinavyofuatana, sio kwa alfabeti. Nikaseti zipangwe kwa tarehe zilipoandikwa. Nilijisifu kwamba hata hilo nalijua sasa.

Siku ya pili yake umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Nilimwashia, nikamwachia chai na ndizi za kuchemsha, nikaenda kazini.

Niliporudi, nilianza kuisikia ile sauti ya bati nikiwa bado uani. Ilikuwa inasema kwa kasi, bila kuvuta pumzi: familia ina uchungu kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote wa Kisangani, Yanonge na Isangi kifo cha. Halafu jina la tonton. Halafu majina ya waliobaki, na jina la papa mwenyewe likiwa la kwanza. Ikamaliza. Kikasikika kitufe. Ikaanza tena.

Siku ile ya kifo nilikuwa nimelipiga tangazo ndani ya folda ya barua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi mbele yangu. Kwa tarehe, lilikaa mahali pake hasa: baada ya barua ya mwisho ya kweli, kabla ya barua yangu ya kwanza.

Nilisimama mlangoni na mfuko wangu mkononi. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili alizotuambia daktari, mdomo kupinda, mkono kulegea. Hakuna. Chai ilikuwa imepoa, haikuguswa. Hakuna aliyemkalisha wala kumlisha kwanza, na wala hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kumzunguka. Nilijiona mchafu.

“Papa,” nikasema.

“Kuisha miezi nane,” akasema. Hakugeuka. “Na munanisomea mbula.”

“Tuliogopa, papa. Docteur alikataza...”

“Mbula ya Isangi, miezi nane, inafanana na ya hapa.” Alikuwa anasema polepole, si kwa hasira, na mimi ningependa iwe hasira. “Haiyakuwa hivyo hata siku moja. Nilijiuliza, alors, kazi yangu nilisahau? Nilikuwa nazania ni akili yangu njo inaharibika, mama. Niliogopa. Sikuwaambia, sababu mungesema muzee anapotea.”

Nilikaa chini pale pale sakafuni, na viatu vyangu. Miezi nane nilikuwa nimelinda moyo wake, na miezi hiyo yote mzee alikuwa akikaa gizani akiogopa kwamba anarukwa na akili, na hofu hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, siku kwa siku. Nilimwomba msamaha. Sidhani kama alinisikia. Nililia kwa sauti, na kusema kweli nililia pia kwa kutua mzigo, kwa sababu mwisho wa mwezi ungekuja na nisingelazimika kubuni kitu.

Baadaye nilimpigia kaka, nikamwambia aje na wengine, na waje na chakula. Hakuuliza kwa nini.

Wakati tunawangoja, papa alinyoosha mkono akapapasa plasta za vitufe. Nilifikiri anataka kuzima. Nikasogea nimsaidie.

“Hapana,” akasema. “Punguza mwendo yake.”

“Papa?”

“Iko nakimbia sana. Jina ya mudogo wangu inapita mbio.”

Nikafungua mipangilio, nikaishusha ile kasi mpaka mahali ilipokuwa siku ya kwanza, alipoilalamikia. “Punguza tena,” akasema. Nikapunguza tena. Kisha akabonyeza mwenyewe.