Sikio la Mama Kata

Kwa miaka ishirini na sita aliongoza filamu thelathini na moja na tamthilia tano za televisheni. Kazini walimwita Mama Kata, kwa jinsi alivyolitamka neno hilo la kusimamisha kamera: kavu, na watu wote wakaganda. Alianza kwa kupiga pasi nguo za waigizaji, akapanda kwa sababu alikuwa mwepesi. Wenzake wakimaliza onyesho moja, yeye alikuwa na matatu.

Asubuhi moja, wakirekodi tamthilia ya sita, mwigizaji mkuu alikaa mezani akimlilia mkewe. Mama Kata akatazama skrini.

"Kata! Safi, tunaendelea."

Hakuna aliyesogea.

"Mama, nilisahau maneno," mwigizaji akasema. "Nilikuwa nahesabu tu, moja, mbili, tatu."

Mama Kata alijichekesha, akadai mawazo yalikuwa mbali. Ukweli ni kwamba sikio la kushoto lilikuwa limekufa miezi mingi, na la kulia lilikuwa njiani. Hakumwambia mtu. Pale kwenye kituo cha televisheni waliokimezea mate kiti chake walikuwa wengi. Akawa anakariri skripti nzima na kufuata midomo. Mwigizaji akigeuza mgongo tu, jasho linamtoka.

Binti yake, aliyehariri tamthilia zake, ndiye aliyemkamata.

"Mama, onyesho la jikoni mtu anakohoa mara nne. Umelipitishaje?"

"Nililipenda hivyo."

"Na hapa mlangoni nimekuita mara tatu."

Mama Kata akakaa chini. "Sisikii, mwanangu. Nikisema, wananitoa."

"Usiposema, watakutoa kwa aibu."

Kesho yake aliwakusanya wote, akawaambia kwamba hasikii. Fundi sauti, mtu waliyegombana naye miaka nenda rudi, akawa wa kwanza kujibu.

"Mbona mimi nilijua zamani? Unadhani ule upepo niliokuwa nausingizia ili turudie ulitoka wapi?"

Wakacheka, na Mama Kata machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo hakusema "safi" kabla fundi hajamwitikia kwa kichwa, na tamthilia ikaisha salama.

Kituo kilimshukuru, kisha kikampa mwingine tamthilia iliyofuata. Alijifungia ndani wiki nzima. Sasa, akiwa na kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia, anarekodi filamu nyingine, polepole, onyesho moja kwa siku. Na kila asubuhi, kabla ya kushuka garini, anajihesabia kwa sauti moja, mbili, tatu, kulijaribu sikio.