Hina ya Kwenye Lavabo

Jumamosi ile nilirudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, nikiwa bado na moto wa kufagia. Tulikuwa tumesafisha barabara ya stesheni, wanawake wa mtaa mzima, huku mtu wa chama amesimama kivulini akitutazama. Nyumba yetu ilikuwa ya reli, maana mume wangu alikuwa fundi wa gari-moshi, na ndani mlikuwa na lavabo ya zamani, beseni la kunawia lenye bomba, na ndani yake doa la rangi ya kutu, kubwa kama kiganja. Doa lile lilinikera tangu nilipoolewa. Nikasema leo ni leo.

Tuliishi na mama mkwe wangu. Tangu niingie nyumbani mwake aliniita mugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikwisha kulishika, nilipika, nilifua, nilimchotea maji bomba lilipokauka, na bado nilikuwa mugeni. Nilitaka siku moja aniite mtoto wake, basi. Na kwa kuwa alitawadha kwenye lavabo ile kila sala, niliona hapo ndipo pa kumfurahishia.

Nilianza na majivu na ndimu, nikasugua kwa gunzi la hindi mpaka vidole vikaniwasha. Doa likanitazama tu. Nikasuuza, nikanunua javeli, dawa ya kung'arisha nguo, sokoni, nikalowesha kitambaa, nikakilaza juu ya doa, nikaenda zangu kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha usiku. Jioni nilipokiondoa, lavabo ilikuwa nyeupe pe. Nikajisifu mwenyewe, kwani nani mwingine angenisifu?

Mama mkwe alikuja kutawadha kwa magharibi. Akafungua bomba, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

“Iko wapi?” aliuliza.

Nikamwambia kwa furaha kwamba nimelitoa doa. Akafunga bomba, akakaa chini kwenye saruji, akalia. Sikuelewa kitu. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama viatu vyake.

Baadaye ndipo mume wangu aliponieleza. Ilikuwa hina. Dada yake, binti pekee wa mama, aliacha bakuli la hina mle usiku wa kuamkia harusi yake, likamwagika na rangi ikaingia kwenye nyufa. Akapelekwa Lokandu kwa mumewe, akafa huko akijifungua. Tangu hapo mama aliweka kiganja pale kabla ya kutawadha. Nilikasirika. Muda wote ule nafagia nyumba, hakuna aliyeona nafaa kuambiwa? Kisha nikamhurumia mama, kisha nikakasirika tena. Sikujua nishike lipi.

Kesho yake mama mkwe alikoroga hina bila kusema nami. Nilidhani atarudisha doa lake. Badala yake akasema, “Leta mukono.” Akanipaka viganja vyote viwili, polepole, kama bibi harusi, mimi niliyeolewa zamani. Ilipokauka akanipeleka kwenye lavabo ninawe. Maji mekundu yakazunguka, yakaenda zake, na lavabo ikabaki nyeupe vilevile.

Aliitazama sana. Sikujua kama ananikaribisha au ananiadhibu. Kisha akakishika kiganja changu, akakibonyeza pale doa lilipokuwa, akaweka chake juu.

“Usitoe, mutoto wangu,” alisema.

Alisema huku akiitazama lavabo, si mimi. Neno nililolitafuta nililisikia, na mpaka leo sijui liliambiwa nani, mimi au binti yake aliyekufa. Mkono sikuutoa.